Mfuko Uliotazama Ukutani

Kwa maneno ya Bi Mwanakhamis, Mwanapili binti Hamad alikuwa kammwagia mwalimu wake tindikali usoni.

"Tindikali, nnakwambia, ile ya betri!" aliapa, kasimama mlangoni pa ua na upawa mkononi, mchuzi ukimchuruzika mpaka kwenye kiwiko. "Kaitia chupani, kaifunga barabara, na jina kaiandika kwa Kizungu. Mwalimu kuifungua tu, pwaa! Macho yote mawili. Kapelekwa hospitali kwa gari ya ng'ombe."

"Gari ya ng'ombe, Bi Mwanakhamis?" Ruweida aliuliza. "Skuli na hospitali si hapo na hapo?"

"Basi ya punda. Mie nilikuwepo?"

Ruweida alimjua jirani yake. Habari za Bi Mwanakhamis zilikuwa kama dagaa wa sokoni: ukishaondoa vichwa na mchanga, kinachobaki kiganjani ni kidogo, lakini ni dagaa kweli. Kwa hiyo hakucheka. Aliendelea kubana kadi zake kwenye kamba ya barazani, moja moja kwa vibanio vya nguo, akauliza kama mtu asiyejali:

"Na hiyo chupa iliandikwa nini?"

"Kizungu mie nakijulia wapi, mwanangu? Wanasema laimu. Laimu sijui ya maji, sijui ya moto."

Kibanio kilimponyoka Ruweida kikaanguka chini ya baraza. Hakuinama kukiokota.

Ruweida alikuwa na miaka ishirini na tatu, na skuli aliiachia darasa la saba. Hakuiacha kwa ujinga, aliiacha kwa sababu mama yake aliugua na nyumba ilitaka mtu. Mama alipopona, wenzake walishafika mbali, naye akapata kazi Wete hapo hapo, katika duka la vifaa vya ujenzi la Mzee Gulamali. Kule dukani ndiko alikosoma skuli yake ya pili. Kila boksi lililoingia alilisoma kabla ya kulifungua. *Hinge*, akafungua, akaona bawaba. *Brush*, *bolt*, *bulb*, *pipe*. Neno lilikuwa nje na kitu chake kilikuwa ndani, na mtu mwenye subira na macho hakuhitaji mwalimu. Alikata maboksi matupu, akafanya kadi, mbele Kizungu na picha, nyuma Kiswahili.

Ikawa watoto wa mtaani wanaotoka msingi kuingia sekondari wanamjia. Mtoto akiingia kidato cha kwanza ni kama aliyehamishwa nyumba usiku: kila kitu alichokijua kipo, lakini hajui kimewekwa wapi. Jana moyo ulikuwa moyo, leo una jina jengine, na mwalimu wa sayansi hana muda wa kumngoja. Basi kila siku baada ya alasiri wasichana sita walikaa barazani kwa Ruweida, kamba ya nguo juu yao imejaa kadi. Sharti lake lilikuwa moja: neno halipandi kwenye kamba mpaka kitu chake mmekiona, au mmekishika, au mmekinusa.

Aliwafundisha hata kwamba maneno mengine ni ya hatari. Kadi ya *nail* aliichora msumari upande mmoja na ukucha upande wa pili.

"Neno hili lina wake wawili," aliwaambia. "Ukilikuta njiani, kwanza uliza linalala kwa nani leo."

Wasichana walicheka mpaka Shamima akapaliwa na maji. Tangu siku hiyo wakamwita Ticha, na jina likapanda mtaa mzima. Jambo moja tu aliwakataza.

"Skulini msinitaje. Walimu wamesoma chuo. Wakisikia mnafundishwa na darasa la saba, watanicheka mimi na watawacheka nyinyi."

Na kadi ya *lime* ilikuwepo. Aliitoa kwenye chupa ya sabuni ya kuoshea vyombo, yenye picha ya tunda la kijani limekatwa nusu, maji yanaruka. Hilo halikuwa na mjadala. *Lime*, ndimu. Alileta na ndimu yenyewe, ikazunguka mkono kwa mkono, kila mmoja akainusa. Mwanapili, ambaye akili yake ilishika kama gundi, alilirudia neno mara moja tu, likaingia.

Yote hayo yangekuwa kosa jepesi, kosa la mtu asiyejua. Lakini wiki tatu kabla ya Alhamisi hiyo ya habari za tindikali kulikuwa na jambo jengine, ambalo Ruweida alilijua peke yake.

Siku hiyo mzigo uliingia dukani. Kulikuwa na misumari, rangi, na mifuko kumi ya chokaa. Mifuko ya zamani ilikuwa haina maandishi. Hii mipya ilikuwa nayo, kwa wino wa buluu, herufi kubwa kama kiganja: LIME.

Ruweida aliisoma. Akaisoma tena. Akainama akaunusa mfuko, labda wameitia harufu ya ndimu. Vumbi likampanda puani, akapiga chafya tatu mfululizo.

"Wee Ruweida!" Mzee Gulamali alicheka kutoka kwenye meza yake. "Chokaa si ugoro, mwanangu."

Mzee Gulamali alikuwa hatua mbili tu. Kiingereza alikijua tangu utoto wake. Kilichotakiwa ni kufungua mdomo: Mzee, hili neno vipi? Lakini jioni ya jana yake mama yake Mwanapili alikuwa kamletea bakuli la tambi za sukari, kalifunika kwa kitambaa cha kudarizi, akamwambia mbele ya watu, "Ticha, Mungu akuweke. Mwanangu kawa wa kwanza kwa Kiingereza." Hajawahi mtu kumfunikia Ruweida chakula kwa kitambaa kile. Na kama *lime* si ndimu, na zile nyengine je? Kadi zaidi ya mia na hamsini zilikuwa zinaning'inia pale. Akajiambia pengine ni jina tu la kiwanda. Kiberiti chenye picha ya ngamia hakina ngamia ndani. Akajiambia atauliza kesho. Kisha akaipanga mifuko, na wa mbele kabisa akaugeuza, maandishi yakatazama ukutani.

Kesho ikaja ikapita. Alijizoesha kuchota chokaa bila kutazama.

Na Jumatano, siku moja kabla ya mambo haya, alipita uani kwa akina Mwanapili akamkuta kakaa kwenye kibao cha mbuzi, kakumbatia bakuli, maganda ya ndimu yamemzunguka kama kuku wanaongoja kulishwa.

"Unafanya nini na ndimu zote hizo?"

"Za skuli, Da Ruweida. Kesho tunafanya sayansi. Mwalimu kasema nilete *lime*, tufanye *lime water*. Mie tu ndiye niliyelijua neno!"

Kitu kilimvuta Ruweida moyoni, kama uzi ulionasa kwenye msumari. Alisimama pale. Mdomo ulikuwa wazi kabisa. Kisha akasema:

"Kamua vizuri. Usiache kokwa."

Akaenda zake.

Alhamisi hiyo, baada ya Bi Mwanakhamis kwenda kutangaza tindikali yake nyumba ya pili, wasichana walikuja barazani watano. Mwanapili hakuja. Shamima alikuwa na jicho moja jekundu.

"Hebu nambie," Ruweida alisema. "Taratibu. Usitie chumvi."

"Chumvi haikuwemo, Ticha, ilikuwemo ndimu," Shamima alisema, wenzake wakaguna kicheko wakakimeza.

Mambo yalikuwa hivi. Mwalimu Ishak wa sayansi alitaka kuwaonesha kwamba pumzi anayoitoa mtu ina hewa yake maalumu. Ukiipuliza kwa mrija ndani ya maji ya chokaa, yanageuka meupe kama maziwa. Na alikwishasema kwamba katika kundi litakalofanya vizuri atachagua wawili waende Chake Chake, wakalioneshe jaribio hilo mbele ya skuli nyengine na kulieleza kwa Kiingereza. Kila mtu alijua mmoja atakuwa Mwanapili. Basi akatoa chupa yake, kaibandika karatasi, kaandika kwa mwandiko mzuri. Wakapuliza. Wakangoja maziwa. Wakapuliza tena. Shamima akapuliza kwa nguvu zaidi, yakamrukia jichoni, akapiga kelele. Mwalimu akaichukua chupa, akainusa.

"Akasema, 'Nani kaniletea juisi?' Darasa zima, Ticha, wallahi, watu walikuwa chini ya madawati. Mwanapili kasimama. Kasema, 'Sir, *lime* ni ndimu.' Mwalimu kasema, 'Hapa ni chokaa.' Kasema, 'Hapana sir, ni ndimu, nimefundishwa.' Mwalimu kauliza, 'Na nani?' Kanyamaza. Kauliza tena, 'Nani anakufundisha?' Kanyamaza tu, anatazama viatu. Mwalimu akaona anafanyiwa kejeli. Kasema mtu anayemficha mwalimu wake, basi ama mwalimu ni mbaya ama mwanafunzi ni muongo. Chake Chake haendi. Na sasa wanamwita Juisi."

"Kwa nini hakunitaja?"

Shamima alimtazama kwa jicho lake zima.

"Si weye uliyetukataza?"

Siku hiyo hawakusoma. Ruweida aliishusha kadi ya *lime* akaitia mfukoni mwa gauni, na kila alipopanda na kushuka ilimchoma pajani kwa ncha yake. Mara mbili alitoka mpaka njia panda ya nyumba ya Mwanapili, mara mbili akarudi. Angesema nini? Kwamba alikosea? Hilo lilikuwa rahisi, na ndiyo maana halikutosha.

Ijumaa asubuhi dukani aliuza misumari kwa mtu aliyetaka komeo. Saa sita, skuli zinapofungwa mapema, mtu akaegesha baskeli mlangoni, kofia mpya ya Ijumaa kichwani.

"Mwalim!" Mzee Gulamali aliita. "Karibu, karibu. Unajenga?"

"Sijengi, Mzee, nafundisha. Nipimie chokaa robo kilo."

"Robo kilo! Huyo si mjenzi, huyo mla tambuu."

Wakacheka wote wawili. Ruweida alishachukua kata ya kuchotea. Huyu ndiye Mwalimu Ishak, mwembamba, kijana kuliko alivyomdhania, kifundo cha mkono kina wino.

"Ni yale ya jana," mwalimu alisema. "Nimemwambia mtoto *lime*, kaniletea ndimu. Zimekamuliwa, zimechujwa, zimetiwa chupani. Ilibaki sukari tu."

Mzee Gulamali alipiga meza kwa kiganja. "Lakini Mwalim, zote mbili *lime*! Mkosaji Mwingereza. Vitu vyote duniani kavipa jina, kafika kwa ndimu na chokaa kachoka."

"Najua, Mzee. Kukosea ningemsamehe pale pale. Kilichoniudhi ni kunificha."

Ruweida alikuwa kainama kwenye mfuko, mkono umezama mpaka kwenye kifundo. Zote mbili. Basi neno lilikuwa na wake wawili, na yeye ndiye aliyewafundisha wengine kuuliza.

"Nani kaugeuza huu mfuko?" Mzee Gulamali alinyoosha shingo. "Maandishi yanatazama ukuta. Mteja atajuaje ni kitu gani?"

"Mimi, Mzee."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa... napanga."

Akafunga chokaa kwenye karatasi, akampa mwalimu kwa mkono mweupe. Mwalimu akalipa, akaaga. Ruweida alibaki kasimama. Baskeli ikasogezwa. Hapo ndipo alipotoka, hata kata hakuiweka chini.

"Mwalimu! Samahani, Mwalimu. Mimi ndiye."

"Wewe ndiye nani, dada?"

"Mimi ndiye ninayemfundisha Mwanapili maneno. Kadi ya ndimu niliiandika mimi. Niliwakataza kunitaja, ndiyo maana alinyamaza. Mtoto hana kosa."

Mwalimu Ishak alimtazama, kisha akaitazama kata.

"Umesoma wapi?"

"Darasa la saba."

Akangoja kicheko. Alikuwa kakaza mabega kukipokea. Hakikuja.

"Mwezi uliopita," mwalimu alisema, "mlango wa maabara uling'oka. Mwanapili akaniambia, 'Sir, the hinge is broken.' Mimi mwenyewe nilisimama nikatafuta kichwani hinge ni nini." Akatikisa kichwa, anacheka peke yake. "Basi kumbe kalitoa kwako. Dada, neno lenye maana mbili linamkosesha hata aliyesoma chuo. Na watu wangapi wangetoka dukani kuja kusema? Nitapita kwao baada ya sala. Chake Chake atakwenda." Akapanda baskeli. "Hukujua tu. Si ndiyo?"

Lilikuwa swali dogo. Alilitupa kama mtu anayefunga kifungo cha mwisho cha shati. Ruweida angeweza kulikamata hapo hapo.

"Sikujua," alisema.

Adhana ya Ijumaa ilikuwa inaanza. Mwalimu alimwinulia mkono akaondoka kwa kasi.

Mtu angedhani hapo mzigo umetua. Kumbe ulihamia begani tu, tena bega la kuumwa. Mchana kutwa Ruweida alikuwa akilisikia neno lake mwenyewe, sikujua, sikujua, kila alipofungua droo, kila alipopima waya. Juzi alikuwa kanyamaza. Leo kasema uongo, na ujira wa uongo wenyewe ni sifa.

Baada ya alasiri Mwanapili alikuja barazani anakimbia, viatu kavivua njiani vimo mkononi.

"Da Ruweida! Nimerudishwa!" Akamrukia shingoni nusura waanguke wote. "Mwalimu kaja mpaka nyumbani! Kazungumza na baba, kasema una moyo. Baba kasema hajui mwanamke wa pili Wete nzima angetoka dukani kumfuata mwalimu barabarani."

"Niwie radhi, Mwanapili."

"Nishakuwia zamani, dada! Hata kabla hujasema." Lilimtoka kabla Ruweida hajafunga mdomo, kama inavyotakiwa, mtu akiombwa radhi hamwachi mwenzake ananing'inia. "Kwani ulijua? Hukujua. Na nimewajibu wale wanaoniita Juisi. Nimewaambia, mwalimu wangu kakosea kwa kutojua, nyinyi mnakosea makusudi. Wamefyata!"

Akakaa kitako chini ya kamba, akaanza kuzihesabu kadi kwa macho, anatafuta ile iliyopungua. Wenzake walikuwa hawajafika bado. Baraza ilikuwa tupu, wao wawili tu, na kwa mbali Bi Mwanakhamis akimfokea mbuzi.

Ingeishia hapo. Mwalimu hajui. Mzee Gulamali keshasahau. Mtoto keshasamehe, na mwenyewe anafurahi. Hakuna mtu hata mmoja duniani anayemdai Ruweida neno zaidi. Alimtazama Mwanapili kisogoni, nywele zimesukwa upya kwa ajili ya Ijumaa, na akaona kwamba radhi aliyopewa ni ya mtu mwengine, mtu asiyejua. Hakuwa na haki ya kulala nayo.

"Mwanapili. Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Chokaa. Dukani iliingia mifuko imeandikwa *lime*. Niliisoma. Sikumuuliza Mzee. Niliugeuza mfuko, maandishi yakaelekea ukutani, ili nisiyaone."

Mwanapili aligeuka taratibu. Bado alikuwa na nusu ya tabasamu, kama mtu anayengoja mwisho wa mzaha.

"Lini?"

"Wiki tatu zilizopita."

"Kabla ya juzi."

"Kabla."

"Na kila siku mie nakuja hapa."

"Kila siku."

Tabasamu liliondoka. Mwanapili alikitazama kiganja chake cha kulia, akakikunjua. Katikati palikuwa na mkwaruzo mrefu, pembezoni umevimba.

"Nilikamua ndimu ishirini na nane," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya kuhesabu. "Huu mkono ulikuwa na jeraha la kisu, ukaniwasha mpaka asubuhi. Nikasema si kitu, ni kwa ajili ya skuli. Ukapita. Ukaniuliza nafanya nini, nikakwambia. Nilikwambia neno lenyewe, Da Ruweida."

"Uliniambia."

"Ukasema nisiache kokwa."

Ruweida alitaka kumwambia juu ya bakuli lenye kitambaa, juu ya jina la Ticha, juu ya kuogopa kwamba kadi zote zitaanguka pamoja. Yote yalikuwa kweli na yote yalikuwa udhuru, akayameza.

"Sikuwa na hakika," alisema tu. "Lakini nilikuwa na shaka, na shaka yenyewe nikaificha. Mwalimu leo kaniuliza kama sikujua. Nikamjibu sikujua. Kwake nitarudi Jumatatu nimwambie. Lakini nimeona nianze na wewe."

Mwanapili aliinuka. Aliviweka viatu vyake sakafuni, akavipangusa mchanga kwa kidole, kimoja, halafu cha pili. Njiani zilisikika sauti za Shamima na wenzake wanakuja, wanacheka, wanabishana kwa Kiingereza chao cha vipande vipande.

"Niwie radhi," Ruweida alisema. "Ile ya mwanzo sikuistahiki. Nakuomba upya, kwa hili la kujua. Niwie radhi, Mwanapili."

Mwanapili alikuwa kainama, anafunga kamba ya kiatu. Aliifunga, akaona haikukaa sawa, akaifungua, akaanza tena.